Kupima dondoo la mmea dhidi ya seli za saratani kwa njia ya MTT

MTT ni rangi ya njano ambayo seli hai huigeuza zambarau. Dondoo kuua seli za saratani kwenye sahani si habari kubwa. Hata sabuni huziua. Kinachotafutwa ni dondoo linaloziua kwa dozi ndogo huku seli za kawaida zikisalimika. Kwa hiyo otesha aina mbili tangu siku ya kwanza: za saratani, kama HeLa (mlango wa kizazi) au MCF-7 (titi), na zisizo za saratani, kama Vero (figo ya nyani).

Hesabu seli, kisha weka 5,000 katika mikrolita 100 za midia (maji ya lishe ya seli) kwa kila kisima cha sahani ya visima 96. Tumia visima 60 vya ndani tu. Vile 36 vya pembeni hukauka upesi na kuharibu namba, basi vijaze PBS (maji ya chumvi yasiyodhuru seli). Acha saa 24 kwenye inkubeta, nyuzi 37 na CO2 asilimia 5, seli zishike chini.

Yeyusha dondoo kavu kwenye kiyeyusho cha DMSO, miligramu 20 kwa mililita. Punguza nusu kwa nusu mara tano, ukitumia DMSO hiyohiyo, si midia. Halafu chukua mikrolita 10 za kila ukolezi, changanya na 990 za midia, na umimine mikrolita 100 juu ya seli, visima vitatu kwa kila dozi. Dozi ya juu itakuwa mikrogramu 100 kwa mililita, na DMSO itabaki asilimia 0.5 kila mahali. Ukipunguza kwa midia, DMSO hupungua pamoja na dondoo, na hutajua kipi kimeua.

Usisahau visima vya seli na DMSO pekee, vya doksorubisini (dawa ya saratani inayojulikana kuua seli), vya midia tupu, na vya dondoo bila seli. Hivi vya mwisho ndivyo wengi huviruka, nao ndio wanaoumbuka.

Baada ya saa 48, kagua kwa hadubini kwanza. Ukiona chembechembe zimetuama juu ya seli, dondoo limeganda na dozi hiyo haina maana. Weka mikrolita 20 za MTT, miligramu 5 kwa mililita ya PBS, kisha subiri saa 4 gizani. Seli hai hujaa sindano ndogo za zambarau. Nyonya midia taratibu, pipeti ikiegemea ukuta wa kisima, maana sindano hizo hung'oka kirahisi. Ziyeyushe kwa mikrolita 100 za DMSO, tikisa dakika 10, soma ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 570.

Kama visima vya dondoo bila seli navyo vimegeuka zambarau, polifenoli, kemikali za mmea, zimebadilisha MTT zenyewe. Seli zilizokufa zitaonekana hai, na dondoo zuri litatupwa. Rudia, safari hii ukiosha seli kwa PBS kabla ya kuweka MTT.

Toa usomaji wa midia tupu kwenye kila namba, gawanya kwa usomaji wa seli za DMSO, zidisha kwa 100. Chora mchoro upate IC50, yaani dozi inayoshusha asilimia hiyo hadi 50. Kwa dondoo ghafi, chini ya mikrogramu 30 kwa mililita linafaa kuendelezwa, mradi IC50 ya seli za kawaida iwe angalau mara tatu ya hiyo.

MTT haitofautishi seli iliyokufa na iliyoacha kugawanyika. Dozi iliyo karibu na IC50 ihesabiwe tena kwa tripani bluu, rangi inayoingia seli zilizokufa tu.