Dada, bumu la Uingereza linahesabiwa

Shemeji yangu ana miaka 14 Uingereza, kwa hiyo nilipomuuliza kama niripoti mkopo wa chuo kwenye Universal Credit, ile ruzuku ya kila mwezi ya serikali kwa wenye kipato kidogo, alicheka. "Mkopo ni deni, dada. Deni linakuwaje kipato?" Nikaona ana hoja. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa ualimu, mama peke yangu wa watoto wawili, ninapokea vyote viwili kihalali. Sikuripoti. Mwezi wa nane ikaja barua: nimelipwa kupita kiasi £3,510, nirudishe.

Sikia vizuri. Mkopo wa ada hawauhesabu. Ule wa kujikimu, yaani bumu, wanauhesabu kama kipato. Hata usipouchukua! Ukiwa na haki ya kuupata, wanakata Universal Credit yako kana kwamba umo mfukoni mwako. Waislamu wenzangu mnaoukimbia kwa sababu ya riba, msidhani kuukataa kutawaokoa na makato hayo.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Sehemu inayohesabiwa ilikuwa £4,500. Waliigawa kwa miezi 9, ikawa £500 kwa mwezi. £110 wanazisamehe, £390 zinazobaki wanakata pauni kwa pauni. Bumu lenyewe linaingia mara tatu kwa mwaka, lakini makato ni ya kila mwezi, kwa hiyo ukilimaliza Oktoba kwa kununua majaketi na kutuma nyumbani, Desemba utalia. Likizo ndefu ya kiangazi makato husimama.

Kuna fungu linaloitwa msaada maalumu ndani ya mkopo huo, kwa wazazi wanaolea peke yao na wengine wenye haki ya Universal Credit. Hilo halikatwi. Hakikisha barua ya Student Finance, wale wanaotoa mkopo, inalitenganisha, kisha ipandishe barua nzima kwenye akaunti yako ya Universal Credit siku hiyohiyo. Usimwambie mtu kwa mdomo. Andika. Nyumbani ulizoea kwenda dirishani Bodi ya Mikopo, ukaeleza, ukalalama kidogo, mtu akakuonea huruma. Huku watu wana adabu sana, "samahani" kila sentensi, ila kisichoandikwa hakikutokea. Mimi siwachukii kwa hilo. Angalau hakuna anayeuliza wewe ni wa ukoo gani.

Na usitegemee kusema kosa ni lao. Universal Credit iliyozidi hudaiwa hata kama waliokosea ni wao wenyewe. Uamuzi usiokuridhisha unauombea upitiwe upya ndani ya mwezi mmoja, kisha baraza la rufaa. Mimi sikuwa na la kukatia rufaa. Ninalipa kidogokidogo.

Mengine ni mepesi. Haya ya mkopo ni ya England. Uskoti na Wales wana taratibu zao. Ili upate mkopo, uwe na ukaazi wa kudumu na umeishi Uingereza miaka 3 kabla ya siku ya kwanza ya kozi. Aliyepewa hadhi ya ukimbizi hasubiri miaka hiyo. Omba upya kila mwaka. Mwenye watoto aombe Parents' Learning Allowance, yaani posho ya wazazi wanaosoma, na Childcare Grant inayolipa hadi 85% ya gharama za kulelewa watoto, ila usiidai pamoja na malipo ya malezi ya Universal Credit. Kama kibali chako kimeandikwa huruhusiwi fedha za umma, Universal Credit usiiguse kabisa, hata binamu akikuapia kwamba yeye alipata.

Marejesho ya mkopo wenyewe hayatishi. Kwa walioanza tangu Agosti 2023 ni 9% ya mshahara unaozidi £25,000 kwa mwaka, na baada ya miaka 40 kinachobaki kinafutwa. Bodi ya kwetu ingekuwa na subira hiyo!

Ndugu wa nyumbani nao, jamani. Nilipomwambia mama nimepata mkopo wa serikali, kufikia Jumapili nilikuwa na orodha: bati, ada ya mdogo wangu, pikipiki. Siku hizi nikiulizwa nasema hela zimekatwa, na si uongo.