Chujio la hewa la dukani: pima kwanza kama pikipiki yako inakosa pumzi

Kwenye maduka ya vipuri kuna machujio ya hewa mekundu na ya bluu, mengine yenye umbo la koni, na ahadi zake ni zilezile: nguvu itaongezeka, mafuta yatapungua, injini itadumu. Kabla hujatoa pesa, shika jambo hili moja: chujio jipya haliwezi kurudisha nguvu zaidi ya ile inayozuiwa na chujio ulilonalo. Kiasi kinachozuiwa kinapimika kwa mpira wa maji na rula.

Maelezo haya ni ya pikipiki za silinda moja za ukubwa wa cc 100 hadi 150, kama Boxer, TVS HLX na zile za Kichina zilizofuata muundo wa Honda CG125, zenye kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, na boksi la hewa, yaani sanduku linalobeba chujio, chini ya kiti au pembeni.

Kupima

Tafuta mpira mwangavu wenye tundu la milimita 6, urefu wa mita 2.5, ubao wa sentimita 60, rula na maji uliyotia rangi.

1. Funga mpira kwenye ubao kwa umbo la U, kila mkono sentimita 50. Jaza maji hadi nusu ya mikono yote miwili. Ncha moja iache wazi.

2. Tafuta mpira wa pumzi ya injini, ule unaotoka kwenye mfuniko wa injini na kuingia kwenye boksi la hewa. Kwa kawaida huingia upande wa hewa iliyokwisha kuchujwa; fungua boksi uhakikishe. Uchomoe upande wa boksi, kisha kwenye tundu lililobaki chomeka ncha ya pili ya mpira wako. Zungushia utepe wa umeme mpaka pasipitishe hewa. Ule wa injini uufunike kwa kitambaa safi bila kuuziba, kwa sababu ukizibwa shinikizo litasukuma oili itoke kwenye sili.

3. Maji yatarukaruka kwa sababu silinda moja huvuta hewa kwa vipindi. Bana mpira kidogo kwa waya, karibu na ubao, hadi yatulie.

4. Beba abiria ashike ubao wima na asome yeye. Dereva macho yabaki barabarani. Chagua kilima cha lami kisicho na magari. Gia ya pili, vuta mafuta hadi mwisho, soma tofauti ya maji kati ya mikono miwili mnapopita kilomita 45 kwa saa. Rudieni mara tano, chukueni wastani. Kupima pikipiki ikiwa imesimama kwenye stendi hakufai: injini isiyo na mzigo hupanda mizunguko kabla haijavuta hewa yake yote, na inaweza kuharibika.

5. Weka chujio jipya la aina ileile ya kiwandani, upime tena palepale.

Sasa hesabu. Usawa wa bahari, tofauti ya sentimita 10 za maji ni takriban asilimia 1 ya shinikizo la hewa. Nairobi, ambako hewa ni nyepesi, sentimita 8 zinatosha kufika asilimia hiyo. Nguvu ya injini hufuata uzito wa hewa inayoingia kwenye silinda, kwa hiyo asilimia 1 ya hewa ni kama asilimia 1 ya nguvu. Injini nyingi za cc 150 hutoa takriban nguvu farasi 12. Unazungumzia sehemu moja ya kumi hivi ya farasi mmoja. Hakuna dereva anayeihisi hiyo. Linganisha na kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, mita 1,700 juu ya bahari: hewa hupungua uzito kwa karibu asilimia 15, na hiyo kila dereva anaihisi mlimani.

Kama chujio la zamani lilisoma sentimita 40 na jipya la kiwandani linasoma 10, nguvu uliyokuwa ukiitafuta umeshaipata, na kwa bei ndogo. Kama hata jipya linasoma juu sana, kagua mdomo wa boksi pale hewa inapoingilia. Matope yaliyoganda, kiota cha nyigu au kipande cha mfuko wa plastiki huziba pale bila kuonekana.

Koni na joto

Koni hufungwa moja kwa moja nyuma ya kabureta baada ya boksi kutolewa, na ndiyo inayoleta hasara kubwa kuliko zote. Boksi huvuta hewa mbali na injini. Koni huvuta hewa iliyokwisha kupita kwenye mapezi ya silinda ya moto. Hewa ikipanda kutoka nyuzi 30 hadi 50, uzito wake hushuka kwa karibu asilimia 6. Umefuata asilimia moja, umepoteza sita, hasa kwenye foleni ambako pikipiki haipati upepo.

Tena boksi si sanduku tupu. Ujazo wake hutuliza ile mivuto ya vipindi, na kabureta ilipangwa kulingana nao. Kwa kabureta yenye kiwambo cha mpira kinachonyanyua sindano ya kupimia petroli kwa nguvu ya mvuto wa hewa, ukiondoa boksi sindano huchelewa kupanda. Pikipiki hukwama katikati ya kuvuta mafuta, halafu inaruka ghafla.

Mlio ndio unaowadanganya wengi. Boksi huzima sauti ya injini ikivuta pumzi. Ukilitoa, ngurumo huja chini ya tangi na mwili huamini kwamba kasi imeongezeka. Pima kwa saa ya simu: gia ya tatu, kutoka kilomita 40 hadi 70 kwa saa, barabara ileile, kwenda na kurudi, mara tano kwa kila chujio, uzito uleule juu ya pikipiki. Tofauti ikiwa ndogo kuliko ile iliyopo kati ya majaribio ya chujio lilelile, hakuna tofauti.

Vumbi ni jambo kubwa kuliko nguvu

Kuunguza lita 1 ya petroli kunahitaji takriban kilo 11 za hewa, yaani karibu lita 9,000. Bodaboda inayotumia lita 3 kwa siku hupitisha lita 27,000 za hewa kwenye chujio lake. Kwenye barabara ya murram hewa hiyo hubeba chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko chuma cha silinda. Ukipenya hunaswa na oili kwenye ukuta wa silinda na kusaga ringi kila pistoni inapopanda na kushuka. Matokeo yake ni moshi wa bluu, oili inayopungua kila wiki na injini isiyo na kompresheni. Ringi mpya hazitasaidia kama silinda imekwisha kulika, itabidi ichongwe.

Kwa hiyo uchaguzi wangu uko wazi. Kwa anayepita kwenye vumbi kila siku: chujio la karatasi la kiwandani, au la sponji iliyotiwa oili kama ndilo pikipiki ilikuja nalo. Chujio la pamba iliyotiwa oili, lile linalokaa ndani ya boksi lilelile, linakubalika kwa anayeishi kwenye lami na atakayelihudumia. Faida yake ni kwamba linaoshwa na kutumika tena. Kwa vumbi laini, karatasi nzuri huzuia vizuri zaidi. Koni ya bei rahisi ambayo ukiimulika unaona mwanga kupitia matundu yake isifungwe kabisa.

Kufunga na kutunza

Safisha boksi kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kutoa chujio, kisha litoe huku umeziba njia ya kabureta kwa kitambaa kikavu. Paka greisi nyembamba kwenye ukingo wa mpira unapokaa chujio. Greisi huziba, na baadaye itakuonyesha kama kuna vumbi linalopenya. Kaza skrubu zote za mfuniko. Moja ikikosekana, mfuniko hupinda na hewa chafu hupita pembeni ya chujio zuri.

Sponji huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, hukamuliwa kwa kubonyeza, haisokotwi. Petroli huyeyusha gundi na inaweza kuwaka. Ianike kivulini ikauke kabisa, itie oili ya sponji, au oili ya injini kama kitabu cha pikipiki kinasema hivyo, kisha bonyeza hadi isidondoke. Pamba hupewa sabuni na oili yake maalumu, kidogo kidogo. Oili ikizidi huvutwa hadi kwenye kabureta. Karatasi haioshwi. Ile kavu inaweza kupulizwa kwa upepo mdogo kutoka upande safi kwenda upande mchafu. Ile iliyopakwa mafuta ya kunasa vumbi kiwandani haipulizwi, inabadilishwa.

Mchanganyiko wa mafuta

Chujio la kukaa ndani ya boksi mara nyingi halihitaji marekebisho. Ukibadilisha boksi au mdomo wake, hewa huzidi mafuta na injini hupata joto kali. Weka plagi safi, panda kilima ukivuta mafuta hadi mwisho kwa dakika moja, zima swichi huku umeshika klachi, usimame, usubiri ipoe kidogo, uifungue. Kahawia hafifu ni sawa. Nyeupe maana yake mafuta ni machache: panda hatua moja ya namba ya jeti kuu, yaani kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, mfano kutoka 95 hadi 98. Nyeusi yenye masizi maana yake mafuta yamezidi. Pikipiki ikikwama katikati ya kuvuta mafuta tu, shusha klipu ya sindano ya kabureta kwa mfereji mmoja ili sindano inyanyuke.

Baada ya kilomita 500 fungua boksi, pitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba kati ya chujio na kabureta. Kikitoka na rangi ya udongo, vumbi linapita. Kagua greisi ya ukingoni kwanza: ikiwa na mstari wa vumbi, chujio halijakaa vizuri. Ikiwa safi, ni chujio lenyewe linalopitisha. Litoe, urudishe la kiwandani siku hiyohiyo.