Somo: Kuonja na kulinganisha mvinyo mweupe wa bei nafuu kwa anayeanza

Wakuu, habari za wikiendi.

Kila nikikaa na mtu anayeanza kunywa mvinyo mweupe nasikia sentensi ileile: "Siuwezi, mkali." Nikimuuliza alikunywa upi, hakumbuki. Alipewa glasi moja kwenye sherehe, ina joto, na alikuwa ameshakunywa bia mbili. Hapo hata mimi ningeukataa. Ulimi haujifunzi kwa glasi moja. Weka mbili pembeni kwa pembeni na kila moja itakuonyesha mwenzake alivyo.

Na hilo neno "mkali" tuliache leo, maana limebeba vitu vinne tofauti. Kuna uchachu, kama wa ndimu. Kuna uchungu, kama wa mwarobaini. Kuna ukakasi, ule wa bibo au ndizi mbichi unaokausha fizi. Na kuna kuwasha kooni, ambako ni kilevi chenyewe. Mvinyo mweupe kwa kawaida hukamuliwa na kutengwa na maganda kabla ya kuchachushwa, ndiyo maana hauna ukakasi kama mwekundu. Tisa kati ya mara kumi mnachokiita ukali ni uchachu.

Hatua ya 1: Nunua chupa mbili za aina moja ya zabibu

Anza na Chenin blanc. Asili yake ni bonde la mto Loire, Ufaransa, lakini nchi inayoilima kwa wingi kuliko zote ni Afrika Kusini, na ndiyo zabibu nyeupe inayojulikana zaidi Dodoma. Kwa hiyo chupa moja ya Dodoma na moja ya Afrika Kusini zinapatikana bila kwenda duka la kifahari. Nyingine ninayoipenda kwa Chenin ni kwamba inatunza uchachu wake hata panapokuwa na jua kali. Zabibu nyingi zikipigwa na jua hupoteza uchachu, na mvinyo wake unakuwa umepooza kama juisi iliyolala.

Hakikisha zote mbili zimeandikwa "dry", yaani kavu. Ukilinganisha kavu na tamu, sukari itakuamulia shindano. Kwa vipimo vya Ulaya, mvinyo mkavu kwa kawaida hauzidi gramu 4 za sukari kwa lita, na mtamu huanzia gramu 45. Angalia pia mwaka wa mavuno. Mvinyo mweupe wa bei ya chini umetengenezwa unywewe ukiwa mchanga, kwa hiyo wa mwaka jana au juzi ndiyo wako.

Mwisho, angalia chupa ilikokaa. Nilinunua moja iliyokuwa dirishani, jua linaipiga. Rangi yake ilikuwa imeelekea kahawia na ilinuka kama tufaha lililopondeka. Sikujua kwamba huo ni mvinyo ulioharibiwa na joto na hewa. Nikailaumu zabibu, nikaikwepa kwa miaka miwili. Kwa hiyo chukua iliyo ndani, kwenye kivuli.

Hatua ya 2: Maji ya ndimu

Hatua hii watu huiruka, na mimi ndiyo nawasihi msiiruke. Kamua ndimu nusu kwenye glasi ya maji, koroga, gawa kwenye vikombe viwili. Cha pili tia kijiko kimoja cha sukari.

Onja cha kwanza, meza, kisha inamisha kichwa kidogo mdomo ukiwa umefungwa. Mate yatakuja yenyewe kutoka pande za ulimi, chini ya mataya. Sasa onja chenye sukari. Utaona ni kitamu, hata laini. Lakini subiri, usimeze kingine. Mate yanakuja vilevile! Ndimu haijapungua hata tone, sukari imeifunika tu. Rudia mara tatu mpaka uweze kuuhisi uchachu ulio chini ya utamu. Ukishaweza hivyo, hakuna mvinyo utakaokudanganya kwa sukari.

Hatua ya 3: Baridi ya kiasi

Weka chupa kwenye friji kwa muda wa saa tatu, kisha zitoe nje dakika kama 15. Nyuzi 8 hadi 12 zinatosha. Mvinyo wenye baridi ya barafu haunuki kitu.

Hatua ya 4: Ficha chupa

Zungushia gazeti, andika A na B, mwombe mtu mwingine amimine wewe usione. Lebo nzuri ina nguvu kuliko pua yako, na bei ina nguvu zaidi. Glasi ziwe za aina moja, zilizosuuzwa vizuri zisinuke sabuni. Mimina kidogo, vijiko vitatu au vinne vya chakula. Glasi ikijaa huwezi kuizungusha, na harufu haina pa kukusanyika.

Hatua ya 5: Nusa, onja, tema

Nusa A kabla ya kuzungusha, kisha zungusha unuse tena. Hamia B. Usitafute maneno ya vitabuni, tafuta ya sokoni kwenu: embe bichi, pera, nanasi, tufaha, asali, maua, majani yaliyokatwa. Harufu ya boksi lililolowa ni dalili ya kizibo kibovu, na ya siki unaijua.

Kisha piga funda dogo, lizungushe mdomoni kama unasukutua, tema kwenye kikombe. Jiulize kwa mpangilio huu: mate yanakuja kiasi gani? Kuna utamu chini yake? Koo linawasha? Ni mwepesi kama maji au mzito kama maziwa? Halafu hesabu kimoyomoyo ladha inakaa sekunde ngapi. Zingine zinakatika ukifika tatu, zingine unafika kumi bado zipo. Andika kwenye daftari kabla ya kuzungumza na mwenzako, maana atakayesema kwanza atawapeleka wengine wote.

Ukimaliza, rudia na chakula: samaki wa kukaanga, mihogo, chipsi chenye chumvi. Mara nyingi ule uliokushinda kwa uchachu ndio unaokaa vizuri na mafuta. Ndipo ufungue magazeti.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, mimi nanusa "mvinyo" tu. Hayo maembe siyaoni. Pua yangu mbovu?*

Si mbovu. Usiulize "hii inanuka nini", uliza "ipi inanuka zaidi, na ipi ni karibu na tunda bichi kuliko lililoiva". Kulinganisha ni rahisi kuliko kutaja. Majina yatakuja baadaye. Pia weka pera na embe halisi mezani, unuse huku na huku.

*Nimekuta chembe kama sukari chini ya chupa. Wametia kitu?*

Hapana, dada. Hiyo ni chumvi ya asidi ya tartari, asidi ya zabibu zenyewe. Mvinyo ukikaa kwenye baridi inaganda na kuzama. Haina madhara, mimina taratibu tu.

*Nasikia Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka. Inawezekanaje?*

Inawezekana, na naipenda sana habari hii. Ulaya baridi kali ndiyo inayoulaza mzabibu, kwa hiyo wanavuna mara moja. Dodoma hakuna baridi ya hivyo. Mkulima akipogoa matawi, mti unaanza upya kuchipua, kutoa maua na kuzaa. Mkasi ndio unaoamua msimu.

*Wa boksi vipi? Na chupa ikifunguliwa inadumu siku ngapi?*

Wa boksi unafaa kabisa kwa mazoezi. Ule mfuko wa ndani unasinyaa kadiri unavyomimina, hewa haiingii, kwa hiyo kwenye friji unakaa wiki kadhaa. Chupa iliyofunguliwa ifunge, iweke kwenye friji, imalize ndani ya siku tatu. Onja kidogo kila siku ujue mvinyo unavyochoka.

*Nikitema naweza kuendesha gari?*

Usiendeshe, kaka. Hata ukitema kuna kinachopita. Panda bodaboda au alika wenzako kwako.

*Mwalimu, nimefanya jana na mume wangu. Wote tumechagua B, tukafungua gazeti, kumbe ni ile ya bei ndogo! Ila tulipokula samaki mimi nikahamia A. Nimekosea wapi?*

Hujakosea popote. B ilikuwa na mate kiasi gani ukilinganisha na A? Na zote zilikuwa kavu kweli, au B ilikuwa na utamu kidogo? Angalia daftari lako, uniandikie.