Namna ya Kutafiti Taka katika Mji Unaokua: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Jiografia ya Binadamu

Anayetaka kujua jinsi mji unavyokua anaweza kuanza na barabara, nyumba au bei ya viwanja, lakini taka zitamfikisha mbali zaidi, kwa sababu kila kaya huzizalisha na kila uamuzi wa mji kuhusu ardhi hujionyesha mahali zinapotupwa. Mwanajiografia haishii kuuliza taka ni nyingi kiasi gani; huuliza kwa nini zimeishia pale zilipo, nani aliyezibeba hadi hapo, na nani anayelazimika kuishi kando yake. Swali la utafiti na liwe dogo. Badala ya kuandika kuhusu usimamizi wa taka katika mji mzima, uliza kwa nini katika mitaa miwili inayopakana, mmoja huzolewa taka kila wiki na mwingine hauzolewi kabisa. Swali kama hilo lina mipaka inayoweza kuchorwa kwenye ramani na kutembelewa kwa miguu.

Takwimu za dunia zina nafasi yake. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba tani bilioni 2.01 za taka ngumu za mijini zilizalishwa duniani mwaka 2016, kwamba zingefikia tani bilioni 3.40 ifikapo mwaka 2050, na kwamba angalau asilimia 33 hazishughulikiwi kwa njia salama kwa mazingira. Tarakimu hizo zinafaa katika utangulizi tu. Ukipewa takwimu za mji wako ofisini, uliza kwanza kama taka zilipimwa kwenye mizani au kama mtu alizidisha idadi ya wakazi kwa kiwango kilichotoka kwingine, maana mara nyingi jibu ni hilo la pili.

Kabla ya kwenda uwandani, kusanya picha za setilaiti za miaka tofauti na uchore mipaka ya makazi jinsi ilivyosogea kuelekea dampo. Dampo la Koshe jijini Addis Ababa lilikuwa pembezoni lilipoanza kutumika katika miaka ya 1960, kisha jiji likalifikia na kulizunguka. Machi 2017 mlima wa taka uliporomoka juu ya nyumba zilizojengwa chini yake na kuua zaidi ya watu 100. Anayezipanga picha hizo kwa mfuatano haoni ajali ya siku moja tu, bali pia historia ndefu ya watu waliokosa ardhi mahali pengine.

Upimaji ndio sehemu inayodai subira kuliko zote. Gawa mitaa katika makundi matatu kulingana na kipato, kisha chagua kaya kwa kubahatisha katika kila kundi. Utaratibu wa UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, hutumia kaya 90 kwa jumla, na taka hukusanywa kwa siku 8 mfululizo. Za siku ya kwanza haziingizwi katika hesabu, kwa kuwa zimechanganyika na zile zilizokuwa zimelala ndani kabla hujafika. Kaya yenye watu 5 ikitoa kilo 17.5 kwa siku 7 zinazobaki, basi kila mtu huzalisha nusu kilo kwa siku. Ili kujua taka hizo zimeundwa na nini, zimwage juu ya turubai, zichanganye kwa koleo, zigawe mafungu manne, chukua mawili yanayotazamana, na urudie hadi ubaki na kiasi kinachoweza kuchambuliwa kwa mkono. Tenga vinavyooza, plastiki, karatasi, vyuma, kioo, nguo na nepi, kisha pima kila fungu peke yake. Andika na hali ya hewa ya siku hiyo, kwani boksi lililonyeshewa mvua huongezeka uzito sana na kukupa picha ya uongo kuhusu karatasi. Vaa glavu nene na buti, na uwe umechanjwa pepopunda, kwa sababu sindano na vigae vya chupa havikosekani.

Baada ya hapo zifuate taka zinakokwenda. Tembea na wasukuma mikokoteni, simama mahali wanapowamwagia wenye malori, kisha nenda hadi dampo. Mizani ya dampo huhesabu kilichofika tu. Haihesabu kilichochomwa uani, kilichotupwa mtaroni usiku, wala plastiki iliyouzwa njiani kwa mnunuzi wa chakavu. Toa jumla ya kilichofika kutoka jumla ya kilichozalishwa, kisha jaribu kueleza pengo hilo kilo kwa kilo. Kwa maoni yangu, utafiti wenyewe huanzia hapo.

Pengo hilo kwa kiasi kikubwa limebebwa na waokota taka, na bila wao hesabu haikamiliki. Mwaka 2003, jijini Cairo, kazi ya kuzoa taka ilikabidhiwa kampuni za kigeni kwa mikataba mirefu, wakati familia za Zabbaleen zilikuwa zimeifanya kwa miongo kadhaa, nyumba kwa nyumba, na kurejeleza sehemu kubwa ya walichokusanya. Mpango ulioandikwa kana kwamba hapakuwa na mtu uliwanyima riziki watu waliokuwa wakiufanyia mji kazi kubwa. Omba ridhaa kwa maneno yanayoeleweka, na usiwazuie saa ambazo malori yanaingia. Usianze kwa kuuliza kipato. Uliza kila aina ya chakavu hununuliwa kwa bei gani kwa kilo na huokota kilo ngapi kwa siku, na kipato kitajitokeza chenyewe. Usichapishe sura zao wala alama kamili za mahali wanapochambulia, kwa sababu ramani yenye usahihi mno inaweza kugeuzwa kuwa orodha ya watu wa kufukuzwa.

Ofisini, omba mikataba, bajeti na ratiba za malori, kisha linganisha njia zilizoandikwa na zile ulizoziona. Programu ya ramani ya kompyuta iitwayo QGIS, ambayo haina malipo, inatosha kwa kuchora yote hayo.

Kabla ya kuchapisha, tandika ramani mbele ya wakazi na wazoaji uliofanya nao kazi, uwaombe waonyeshe ulipokosea. Watakutajia majalala ambayo hukuyapita na mitaa iliyobadilisha mkondo wa taka tangu ulipoondoka. Upimaji urudiwe katika msimu wa mvua na wa kiangazi, na iwapo muda umeruhusu msimu mmoja tu, hilo liandikwe juu ya kila jedwali, mahali ambapo msomaji mwenye haraka hawezi kulikosa.