Kuzuru Moyale na kuvuka kwa miguu hadi Ethiopia: hatua kwa hatua

Moyale ni jina moja la miji miwili. Mmoja uko Kaunti ya Marsabit, Kenya, mwingine uko Ethiopia, na mpaka unapita katikati. Somo hili ni la mgeni anayetoka kusini, asiye na biashara wala jamaa huko, anayetaka kuuona mji, kuvuka, kula na kurudi. Niseme mapema: kuvuka ni rahisi. Wanaosumbuka husumbuka wakati wa kurudi Isiolo, kwenye vizuizi vya polisi, na sababu karibu kila mara ni karatasi. Ndiyo maana nitakaa sana kwenye karatasi na njia.

Hatua ya 1: Karatasi. Mkenya hahitaji viza kuingia Ethiopia, lakini pasipoti anaihitaji. Utawaona wenyeji wakivuka kwenda sokoni kama wanaokwenda kwa jirani, usiwaige. Wao wanajulikana, wewe hujulikani. Beba pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, pamoja na kitambulisho chenyewe, si picha yake kwenye simu.

Hatua ya 2: Njia. Kutoka Isiolo hadi Moyale ni takriban kilomita 500, lami tupu. Wanaoikumbuka barabara hii kabla ya lami watakusimulia habari za malori, vumbi na kulala njiani. Mabasi mengi hupakia Eastleigh, Nairobi, na kusafiri usiku. Mimi nakushauri usafiri mchana, hata kama itabidi ulale Marsabit, ambayo iko karibu nusu ya safari. Ukisafiri usiku utaikosa Ololokwe, mlima wenye kilele bapa unaosimama kando ya barabara baada ya Archers Post. Utaukosa pia mlima Marsabit wenyewe, msitu wa ukungu uliozungukwa na nchi kavu pande zote. Ukiteremka kwenda Bubisa na Turbi, ardhi inageuka mawe meusi ya volkano hadi upeo wa macho, na ngamia ni wengi kuliko magari.

Hatua ya 3: Lala upande wa Kenya, vuka asubuhi. Simu yako inafanya kazi, lugha unaijua, benki ziko. Umeme wa mji huu, kwa taarifa yako, Kenya huununua kutoka Ethiopia.

Hatua ya 4: Mpakani. Kituo cha pamoja cha mpaka kilizinduliwa Desemba 2020 na Rais Uhuru Kenyatta na Waziri Mkuu Abiy Ahmed. Utaratibu wa vituo vya aina hii ni kwamba maofisa wa nchi zote mbili wanakuhudumia katika jengo la nchi unayoingia. Ukienda, muhuri wa kutoka Kenya na wa kuingia Ethiopia vyote utavipata upande wa Ethiopia. Ukirudi, ni kinyume chake. Fungua pasipoti uone mihuri yote miwili kabla hujaondoka dirishani. Na usipige picha za kituo wala za askari.

Hatua ya 5: Birr, yaani pesa ya Ethiopia. Badilisha kidogo, za siku moja tu. Tangu Ethiopia ilipoiacha birr ielee sokoni Julai 2024, bei ya jana haikusaidii leo, kwa hiyo ulizia benki kwanza. Za kubaki zimalize kabla hujarudi, maana Nairobi utahangaika nazo.

Hatua ya 6: Ng'ambo. Ukivuka barabara tazama kushoto kwanza, kwa sababu magari ya Ethiopia hupita kulia. Saa haitakusumbua: wao pia huhesabu kuanzia alfajiri kama sisi, na saa mbili yao ya asubuhi ni saa mbili yetu. Tarehe ndiyo itakuchanganya, kwani kalenda yao iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane na ina miezi 13.

Usirudi bila kukaa kwenye kahawa. Mama anaosha buni mbichi mbele yako, anazikaanga kwenye kikaango mpaka zing'ae, kisha anakizungusha kikaango ili kila mtu auvute ule moshi. Zinatwangwa, zinachemshwa kwenye jebena, birika la udongo lenye shingo nyembamba, na humiminwa kwenye vikombe visivyo na mkono. Raundi ni tatu. Ukiwa na haraka, kunywa chai kwingine.

Hatua ya 7: Kurudi kusini. Njia hii hutumiwa na wasafirishaji wa magendo na wa watu, basi polisi hawana mchezo. Basi linasimama, abiria wote mnashuka, mnapanga foleni kitambulisho mkononi, mizigo inafunguliwa. Halafu mbele kidogo mnaanza upya. Kaa na karatasi mfukoni, si kwenye begi lililo juu ya gari. Na usikubali kumbebea mtu kifurushi, hata akikuapia ni sukari.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, mimi ni Mtanzania. Naweza kuvuka bila viza kama hao Wakenya?*
Hapana, ndugu yangu. Msamaha ule ni wa pasipoti ya Kenya. Ipate viza kabla ya safari, na uhakikishe imeandikwa kwamba inakubalika kwenye mpaka wa nchi kavu, maana kuna viza za kuingilia uwanja wa ndege wa Bole, Addis Ababa, pekee.

*Naweza kuvuka na gari langu?*
Inawezekana, ila kwa safari ya siku moja sioni faida. Utahitaji karatasi za forodha na bima inayofika huko, kama ile kadi ya njano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), kisha ukumbuke kuendesha upande wa kulia. Liache hotelini.

*Kaka, na usalama?*
Swali zuri. Machi 2018 wanajeshi wa Ethiopia waliua raia Moyale, na maelfu wakakimbilia Kenya. Siku nyingi mji ni mtulivu kabisa, lakini hali hubadilika ghafla. Uliza madereva wa basi ukiwa bado Isiolo, kisha uliza tena mwenye hoteli asubuhi ya kuvuka. Wakisita, baki upande huu.

*Mavazi je? Nasafiri na dada yangu.*
Wakazi wengi ni Waislamu. Nguo ndefu na mtandio vitawafaa, na vitawakinga jua pia. Ramadhani hoteli nyingi za chakula hufungwa mchana, kwa hiyo pangeni mlo mapema.

*M-Pesa inafanya kazi ng'ambo?*
Ethiopia wana M-Pesa yao tangu 2023, lakini ni ya birr na ya laini zao. Usiitegemee yako kulipia chakula. Beba noti.