Lubumbashi hadi Mosi-oa-Tunya kwa reli: panga safari ukianzia mwisho

Reli iliyofika Lubumbashi mwaka 1910 ilitoka kusini. Ilivuka Zambezi juu ya daraja la chuma lililofunguliwa mwaka 1905, ikapita Kalomo, Kafue, Kabwe na Ndola, ikaingia kwetu kwa Sakania. Safari hii inairudia njia hiyo kuelekea ilikotoka, mwanzoni kwa barabara kupitia Kasumbalesa, kisha kwa reli, na kilele chake ni treni ya mvuke ya Livingstone, mji wa Zambia ulio karibu na maporomoko ya Mosi-oa-Tunya (Victoria). Kwa mtu wa Lubumbashi hakuna safari ya reli yenye maana kuliko hii.

Hatua ya 1: shika tarehe ya treni ya mvuke kwanza

Wengi hununua tiketi za kwenda, wanafika, halafu wanaambiwa treni ya mvuke ilitoka jana. Treni hiyo, Royal Livingstone Express, hutoka jioni, siku chache tu za wiki, na huuzwa pamoja na chakula cha usiku. Kwa hiyo bei yake ifananishe na ya hoteli kubwa, si ya tiketi ya gare. Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu kwa maandishi: siku hiyo inakwenda darajani au inafuata reli ya Mulobezi, isiyopita darajani? Itavutwa na injini ya mvuke au ya dizeli? Ikiahirishwa, pesa zinarudi?

Swali la pili lina sababu yake. Injini ya mvuke huwashwa saa nyingi kabla ya kutoka. Boila baridi ikipashwa haraka, chuma kinatanuka bila kulingana, na mabomba ya ndani yanaanza kuvuja pale yalipofungwa. Kasoro ikionekana asubuhi, haitengenezwi ikawa tayari jioni, na dizeli ndiyo inayofungwa mbele.

Ukishapata tarehe, hesabu kurudi nyuma: panga kufika Livingstone siku 2 kamili kabla yake. Treni za kawaida huchelewa, nayo ya mvuke haikungojei.

Hatua ya 2: chagua msimu

Machi hadi Mei maji ni mengi mno. Ukungu wake unafunika maporomoko, na darajani unalowa kama umenyeshewa. Oktoba na Novemba upande wa Zambia unabaki mwamba mtupu sehemu kubwa. Juni hadi Agosti ndio wakati mzuri, ila usiku ni baridi kama ile tunayoijua hapa mwezi wa 6. Blanketi ni lazima.

Hatua ya 3: karatasi

Pasipoti, viza kama unadaiwa (ulizia mapema, si mpakani), na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Zambia inaidai kwa anayetoka Kongo, na hii ndiyo karatasi inayosahaulika zaidi.

Hatua ya 4: barabara hadi gare ya kwanza

Lubumbashi hadi Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ni kama kilomita 90. Toka alfajiri. Foleni ndefu unayoiona ni ya malori. Abiria wanapita kwa miguu, lakini ofisi zikishajaa, asubuhi yote inakwisha. Badilisha pesa kidogo tu pale, ya nauli na chakula, kwa sababu ng'ambo faranga zetu hazina kazi. Saa haibadiliki. Kuanzia Chililabombwe, Chingola, Kitwe hadi Ndola, Kibemba cha Lubumbashi kinatosha kabisa: anza na «mwapoleni», na mtu mzima mwite kwa «ba».

Ulizia treni ya abiria ya Zambia Railways dirishani, siku unayofika, si kwa kusikia sokoni: huduma hiyo imewahi kusimamishwa. Ikiwa haipo, basi hufuata njia ileile kwa sehemu kubwa. Na Kapiri Mposhi kuna gare mbili. Ile kubwa ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ni ya treni za Dar es Salaam, umbali wa 1,860 km. Ya kwenda Livingstone ni nyingine, na mwenye teksi asipoambiwa vizuri atakupeleka ile kubwa.

Hatua ya 5: ndani ya treni ya kawaida

Chukua kitanda kama behewa la vitanda lipo. Beba bidon ya maji ya lita 5 kwa kila mtu, mkate, mayai ya kuchemsha, karanga na ndizi. Bukari na sombe ya kubeba huchacha kabla ya siku ya pili. Tochi, karatasi ya choo, kufuli dogo la begi. Daraja la Kafue, la mwaka 1906, lina mita zaidi ya 400. Ukilipita mchana, simama dirishani.

Picha: katika gare zetu omba ruhusa kwanza, la sivyo simu inakamatwa.

Hatua ya 6: Livingstone

Anza na jumba la makumbusho ya reli. Injini za pale ni baridi, kwa hiyo unaweza kusogea na kutazama tanuru kwa utulivu, jambo lisilowezekana injini ikiwa na moto. Kesho yake nenda darajani kwa miguu. Ofisi ya uhamiaji ya Zambia hutoa kibali cha daraja, huna haja ya kuingia Zimbabwe. Chini yako mto uko mita 128 hivi.

Jioni ya mvuke, fika mapema na uombe kwa heshima kuona kibanda cha dereva. Tafuta bomba la kioo lililosimama wima: ndilo linaloonyesha maji ya boila. Mchochezi wa moto haachi kulitazama, kwa sababu maji yakishuka chini ya dari la tanuru, bati linaungua na boila inaweza kupasuka. Kisha chukua futi ya fundi, na pale gareni, kwa ruhusa, pima ndani ya reli mbili: 1,067 mm, kipimo kilekile cha reli ya Lubumbashi.

Vaa nguo nyeusi. Masizi huingia dirishani, hasa kwenye mabehewa ya mbele, na kwenye shati jeupe hayatoki hata kwa sabuni ya mche.