After Effects Ikiwa Nzito, Anza kwa Kuitafuta Leya Inayokwamisha

Vijana ninaofanya nao kazi ya michoro jongefu kwa After Effects, programu ya Adobe, huja na lalamiko moja: mashine imekuwa nzito, fremu (picha moja moja zinazounda video) zinakwama, na dawa wanayoifikiria kwanza ni kuongeza RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Wakati mwingine wana haki. Hata hivyo, mara nyingi zaidi nimeufungua mradi wenyewe nikakuta karibu mzigo wote umebebwa na leya mbili au tatu, yaani matabaka ya picha yanayopangwa moja juu ya jingine, na kompyuta ile ile ikapumua mara tu leya hizo zilipotengenezwa. Kwa hiyo, kabla hujatoa fedha, pima.

Inafaa kwanza kuelewa kazi inayofanyika ndani. After Effects haichezi video kama programu ya kutazamia filamu. Kila fremu huijenga upya, ikianzia leya ya chini kabisa, ikiipaka efekti zake, ikiipandisha leya inayofuata juu yake, hadi picha ikamilike na kuhifadhiwa kwenye RAM ili iweze kuonyeshwa kwa kasi yake halisi. Ndiyo maana mchezo wa kwanza husuasua na wa pili huenda vizuri. Mstari wa kijani juu ya taimulaini, ule ukanda wa muda ambapo leya hupangwa, unaonyesha fremu ambazo tayari zimo kwenye RAM, na wa bluu unaonyesha zilizohifadhiwa kwenye diski.

Ukubwa wa fremu hizo unaweza kuukokotoa mwenyewe. Fremu ya pikseli 1920 kwa 1080, katika biti 8 kwa kila chaneli (nyekundu, kijani, bluu na uwazi), hutumia baiti 4 kwa kila pikseli, yaani takriban megabaiti 8.3. Sekunde 10 kwa kasi ya fremu 25 kwa sekunde ni fremu 250, ambazo ni karibu gigabaiti 2. Ukibadilisha mradi uwe wa biti 32, sekunde hizo hizo zinahitaji zaidi ya gigabaiti 8, na ndivyo ilivyo pia ukibaki kwenye biti 8 lakini ukapanda hadi 4K ya pikseli 3840 kwa 2160. Adobe wenyewe wanataja gigabaiti 16 kuwa kiwango cha chini cha RAM na wanapendekeza 32. Mwenye gigabaiti 8, na wako wengi miongoni mwetu, afanye kazi katika biti 8 isipokuwa rangi au mwanga wa kazi yenyewe unadai zaidi. Kiwango hicho huandikwa chini ya paneli ya mradi, na hubadilishwa kwa kushikilia kitufe cha Alt, au Option kwenye Mac, na kukibofya.

Sasa tuje kwenye kupima. Tangu toleo la 22 la Oktoba 2021, taimulaini ina safu inayoonyesha muda ambao kila leya na kila efekti imeutumia katika fremu uliyosimama. Safu hiyo hufunguliwa kwa alama ya konokono iliyo chini kushoto. Simama kwenye fremu inayokusumbua, usichague fremu yoyote tu, kisha usome namba. Mwenye toleo la zamani azime leya moja moja kwa alama ya jicho na aangalie ni ipi inapozimwa kazi inakuwa nyepesi. Njia hii inachosha, lakini inatoa jibu.

Nitoe mfano wa utangulizi wa kipindi nilioushughulikia. Mtengenezaji alikuwa na hakika kwamba chembechembe za vumbi la dhahabu ndizo zilizomlemea. Tulipopima, chembechembe zilikuwa hazina neno. Muda ulikuwa unaliwa na picha ya mji iliyokaa nyuma kabisa, ikiwa imefifishwa kwa efekti ya ukungu (blur). Picha hiyo ilitoka kwenye kamera moja kwa moja ikiwa na pikseli 6000 kwa 4000, naye alikuwa ameipunguza hadi asilimia 30 ndani ya kompozisheni, yaani fremu ya kazi inayokusanya leya. Watu wengi hawalijui jambo hili: efekti hukokotolewa kabla ya leya kupunguzwa ukubwa. Ukungu ule ulikuwa unapakwa juu ya pikseli milioni 24 katika kila fremu, ingawa jicho liliona sehemu ndogo tu ya hizo. Tuliipunguza picha kwenye Photoshop hadi 1800 kwa 1200, ambazo ni pikseli milioni 2.16, tukaiingiza upya kwa asilimia 100, na nguvu ya ukungu nayo tukaishusha kwa uwiano ule ule ili sura isibadilike. Hatukugusa kitu kingine.

Chanzo cha pili ninachokutana nacho sana ni video za simu. Video za H.264 na HEVC, miundo ambayo simu nyingi hurekodi, hubanwa kwa makundi, ambapo fremu nyingi hubeba tofauti tu kati yake na jirani zake, hivyo programu inapohitaji fremu moja hulazimika kufumbua kadhaa kwanza. Simu nyingi pia hurekodi kwa kasi ya fremu inayobadilikabadilika, na hapo sauti huanza kuachana na midomo. Geuza video hizo ziwe ProRes 422, muundo wa video wa kuhariria, kabla ya kuziingiza. Faili litakuwa kubwa, kama megabaiti 900 kwa dakika katika ukubwa wa 1920 kwa 1080 na fremu 25, lakini kila fremu inajitegemea. Kama diski haina nafasi, tengeneza nakala nyepesi ya kufanyia kazi, ile inayoitwa proksi, na uiache video halisi kwa ajili ya kurenda (kutoa video iliyokamilika) mwishoni.

Wakati wa kupanga mwendo, shusha mwonekano hadi nusu: pikseli zinazokokotolewa hubaki robo. Zima pia ukungu wa mwendo hadi utakapokaribia kumaliza. Na nisisitize jambo moja: kukusanya leya ndani ya kompozisheni ndogo hakupunguzi hesabu peke yake. Kinachopunguza ni kuirenda sehemu ambayo mteja ameshaikubali iwe video, kisha kuiweka mahali pa leya zote zilizoizaa, huku ukizihifadhi hizo kwa ajili ya marekebisho.

Kuhusu hifadhi, elekeza kashe ya diski, yaani hifadhi ya fremu zilizokwisha kujengwa, kwenye SSD (diski ya kasi), ikiwezekana tofauti na ile yenye faili za mradi. Kwenye mapendeleo ya kumbukumbu, angalia ni RAM kiasi gani imeachiwa programu nyingine, kisha funga kivinjari chenye vichupo ishirini. Amri ya Purge iliyo kwenye menyu ya Edit hufuta kashe, na inasaidia pale fremu zinapoonyesha picha ya zamani au diski inapojaa. Lakini usiifanye kuwa mazoea ya kila asubuhi, kwa sababu kila ukifuta, fremu zote zinaanza kujengwa upya.

Kwa sisi wa pwani, joto nalo lina sehemu yake. Ikiwa kompyuta mpakato inaanza vizuri na kuwa nzito baada ya robo saa, bila mradi kubadilika, shuku joto kabla ya kushuku programu, kwa kuwa prosesa hujipunguzia kasi ili isiungue. Safisha vumbi kwenye feni, inua mashine juu ya meza ipate hewa, na ifanyie kazi ikiwa kwenye umeme, kwani nyingi hupunguza nguvu zikitegemea betri.

Ikiwa umepita kote huko na safu ya konokono inaonyesha mzigo umegawanyika katika leya zote bila mmoja wa kulaumiwa, hapo ndipo RAM zaidi inapokuwa na maana. Na kabla ya kumpelekea mteja kazi, fungua mipangilio ya kurenda uhakikishe kwamba mwonekano ni kamili, ukungu wa mwendo umewashwa, na proksi hazitumiki.